Uliza Fundi: Kabla Hujakitupa Kidhibiti Chaji

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu trekta dogo la umeme la bustani, lile la kukatia nyasi na kuvuta toroli, na karibu zote zina mshtakiwa mmoja: kidhibiti chaji. Kwa asiyelijua jina hilo, ni kile kisanduku kinachoamua umeme uingie kwenye betri kwa volti ngapi, kwa mkondo gani, na uache lini. Kwenye matrekta mengine kimo ndani ya chaja yenyewe. Kwenye mengine kimefungwa chini ya kiti, mahali ambapo vumbi la nyasi hulala. Barua nimezifupisha, na majina ya wenyewe sikuyaweka.

Shikamoo Mama Fundi. Trekta langu ni la volti 36, lina betri sita za asidi za volti 6. Nikichomeka chaja, hazipiti dakika arobaini taa ya kijani inawaka kwamba imejaa. Nikianza kukata nyasi, mistari michache tu trekta linazima. Fundi mmoja alisema kidhibiti kimekufa, nikanunua kingine. Kipya kinafanya yaleyale. Sasa ninunue cha aina gani?

Marahaba mwanangu. Usinunue chochote. Vidhibiti viwili vikikupa jibu moja, acha kuvishuku, shuku vinachokipima.

Kidhibiti hakijui betri yako ina chaji kiasi gani. Kinachokiona ni volti kwenye nyaya zake mbili, na mkondo unaopita. Betri ya asidi ya volti 36 ina seli 18. Kidhibiti kinasukuma mkondo mkubwa mpaka volti zifike kama 44, yaani 2.44 hivi kwa kila seli, kisha kinazishikilia hapo huku mkondo ukipungua wenyewe. Mkondo ukishakuwa mdogo sana, kinatangaza imejaa na kushuka hadi volti 40 na nusu za kuitunza tu. Kwa hiyo kitu chochote kitakachopandisha volti haraka na kuukataa mkondo, kidhibiti kitakisoma kuwa ni betri iliyoshiba.

Nilimwandikia huyu bwana apime kila betri peke yake kwa multimita, chaja ikiwa kazini na taa bado nyekundu. Akanirudishia namba hizi: 6.9, 6.9, 7.0, 9.3, 6.9, 7.0. Zijumlishe mwenyewe. Ni 44 kamili! Kidhibiti kimefika kwenye volti zake na kimefanya kazi yake kwa uaminifu. Lakini itazame ile ya nne: seli zake tatu zinadai volti 3.1 kila moja, wakati jirani zake ziko 2.3 na bado zina njaa. Zimefungwa kwa mfuatano, kwa hiyo mkondo ni mmoja kwa zote, na aliyeziba njia kawazibia wenzake.

Nikamwambia apime tena akiwa na mzigo: mtu mmoja aendeshe, visu vikiwa vinazunguka, mwingine apime trekta likiwa limesimamishwa kwenye nyasi ndefu. (Mpimaji akae mbali na visu, hilo sihitaji kulieleza.) Tano zilisoma 5.9, ya nne ikaporomoka hadi 3.1. Betri inayopanda kupita wenzake wakati wa chaji, na kushuka kupita wenzake wakati wa kazi, imeganda salfeti, ukoko mgumu wa risasi na asidi, kwenye sahani zake. Hutokea betri ikiachwa bila chaji kwa wiki nyingi, au maji yakishuka mpaka sahani zikakaa wazi. Haidromita, kile kifaa kinachopima uzito wa asidi ukilinganishwa na wa maji, ilithibitisha: seli zile tatu zilisoma karibu 1.150, na betri nyingine zote zilikuwa 1.210. Hata hizo nzima hazikuwa zimejaa. Betri ya asidi iliyojaa kweli inasoma kati ya 1.265 na 1.280.

La kufanya ni hili. Ifungue hiyo ya nne kutoka kwenye mnyororo, uichaji peke yake kwa chaja ndogo ya volti 6, ampea chache tu, kwa muda mrefu, hata siku nzima na zaidi, huku ukipima kwa haidromita. Namba zikipanda taratibu, umeiokoa, ingawa haitakuwa kama ilivyozaliwa. Zikigoma, hiyo ni chuma chakavu. Vile vidude vinavyouzwa kwa ahadi ya kuyeyusha salfeti kwa mapigo ya umeme, mimi sijaviona vikifanya zaidi ya kile ambacho chaji ndefu ya polepole ingefanya.

Kuhusu kubadilisha: kama betri zote bado ni changa, weka moja mpya. Kama ni za miaka mingi, betri mpya katikati ya wazee itachakazwa upesi. Tafuta iliyotumika kidogo yenye afya, au ubadilishe zote.

Kabla ya hayo yote lakini, pima viungo, kwa sababu nusu ya wanaoniandikia hawana betri mbovu, wana klempu chafu. Weka mita kwenye volti. Ncha moja ikanyage katikati ya kichwa cha risasi cha betri, risasi yenyewe, isiguse klempu. Ncha ya pili iguse shaba ya waya pale inapoingia kwenye klempu hiyohiyo. Chaja ikiwa inapitisha ampea 20, mita isome chini ya 0.1. Ikisoma 0.5, kiungo hicho kinakula wati 10 na kuzigeuza joto, na utalisikia ukikiweka kidole. Rudia kwa vichwa vyote kumi na viwili, usichague. Ukungu mweupe au wa kijani unasafishwa kwa maji yenye soda ya kuokea (vifuniko vya seli viwe vimefungwa, soda ikiingia ndani inaua asidi), kisha brashi ya waya mpaka risasi ing'ae, kaza, paka mafuta ya mgando. Kiungo kibovu kwa kawaida hakikudanganyi kwa taa ya kijani ya mapema. Chenyewe huchelewesha chaji na kuchemsha klempu. Ila nimeona trekta lenye magonjwa yote mawili.

Dada Fundi, habari za kazi. Mimi nina tatizo la kinyume. Trekta ni la volti 48, betri nane za volti 6. Chaja haizimi. Betri zinachemka, zinatoa harufu ya mayai viza, na kila wiki naongeza maji. Nikipima wakati wa chaji napata volti 61. Kidhibiti kina waya mwembamba unaoishia kwenye betri ya katikati.

Salama, kaka. Kwanza chomoa chaja ukutani, na usiirudishe mpaka tumalizane. Harufu hiyo ina maana betri zimechajiwa kupita kiasi, na pamoja nayo inatoka haidrojeni, ambayo ikifika asilimia 4 tu ya hewa inalipuka kwa cheche. Fungua milango. Zima ukutani kabla ya kugusa klempu yoyote, maana cheche huzaliwa pale pale unapochomoa.

Sasa hiyo 61 umenipa zawadi. Seli zako ni 24. Volti za kawaida za kujaza zingekuwa 58.6 hivi. Kwa nini kidhibiti kiongeze 2.4 juu yake? Ule waya mwembamba ndio unaokiambia betri zina joto gani. Betri yenye baridi inahitaji volti zaidi, yenye joto inahitaji pungufu, na kipimo kinachotumika sana ni kama milivolti 4 kwa seli kwa kila nyuzi moja ya sentigredi, kuanzia nyuzi 25. Kwa seli 24 hiyo ni karibu volti 0.1 kila nyuzi. Ukigawanya 2.4 unapata kama nyuzi 25 chini ya 25, yaani sifuri. Kaka, kidhibiti chako kinaamini betri ziko kwenye barafu.

Kipimajoto kilicho kwenye ncha ya waya huo ni kipande kidogo ambacho omu zake, yaani ukinzani wake kwa umeme, hupungua kadiri joto linavyopanda. Vingi vya aina hii vina kilo-omu 10 kwenye nyuzi 25. Waya wake ukikatika, omu zinakuwa hazina mwisho, na kidhibiti kisichokuwa na akili ya kutambua hitilafu hukisoma hicho kama baridi kali. Vilivyo bora huwasha taa ya onyo na kurudi kwenye 25. Chako inaonekana si cha kundi hilo.

Chomoa kiunganishi cha waya huo kwenye kidhibiti, weka mita kwenye omu, pima. Mita ikikaa wazi, umeupata ugonjwa. Ikisoma karibu na 10, shika ile ncha ndani ya ngumi yako dakika moja au mbili, uangalie namba: zinapaswa kuteremka taratibu kuelekea 7. Zikirukaruka ukiutingisha waya, umekatika ndani ya ngozi yake. Anzia pale waya unapopita bawaba ya kiti, kwa sababu kila anayekaa na kuinuka anaukunja pale. Mara nyingi ni kuukata, kuuunga na kuufunika vizuri, basi.

Ikitokea kipimajoto ni kizima, angalia mambo mawili. Kuna swichi ndogo au mpangilio wa aina ya betri: huenda mtu aliuacha kwenye kusawazisha seli, hali ya volti za juu inayotakiwa kwa saa chache na kwa betri za maji pekee. Pili, seli moja inaweza kuwa imepiga shoti. Seli ikifa hivyo, kidhibiti hakijui. Kinaendelea kutafuta volti zilezile kutoka kwa seli zilizobaki, na hizo ndizo zinazochemka. Hapo volti za jumla hazipandi hadi 61 kama zako, ila mkondo hauteremki, na betri moja inakuwa na volti mbili pungufu kuliko wenzake.

Na maji: ongeza yale yasiyo na madini yanayouzwa kwa ajili ya betri, baada ya chaji kumalizika, si kabla. Kabla ya chaji ongeza tu ya kufunika sahani kama ziko wazi. Asidi usiongeze kamwe. Kilichopotea ni maji.

Shikamoo Bibi Fundi. Trekta lilikaa miezi mingi bila kutumika. Sasa nikichomeka chaja hakuna taa, hakuna sauti, hakuna kitu. Multimita inasoma volti 14 kwenye betri zote za volti 36. Rafiki yangu anasema niziunganishe na betri za trekta lake ili kuidanganya chaja.

Marahaba mjukuu. Chaja yako huenda ni nzima kabisa. Chaja za kisasa hazitoi umeme mpaka zione volti kiasi fulani upande wa betri, maana bila hivyo haziwezi kujua kama zimeunganishwa na betri, zimeunganishwa kinyumenyume, au zimeunganishwa na shoti. Volti 14 kwenye seli 18 ni chini ya volti moja kwa seli. Inakataa kwa haki. Hakikisha tu kwanza kwamba soketi ina umeme na fyuzi ya chaja haijakatika.

Hilo la rafiki yako silipendi. Betri zilizojaa zikikutanishwa na zilizokauka, kinachozuia mkondo ni unene wa waya peke yake, na waya ukishindwa unawaka. Afadhali uzitenganishe, kila moja uipe chaja ndogo isiyo na ubishi wa kutambua volti, au kisanduku cha umeme kinachowekewa kikomo, ampea mbili au tatu. Ikivuka volti 6 na kutulia hapo, irudishe kwenye mnyororo, chaja kubwa itaitambua. Guza ubavu wa betri mara kwa mara. Ikipata moto huku volti hazipandi, iondoe. Na kama trekta lilikaa mahali pa baridi kali, chungulia kwanza ndani: betri tupu huganda nyuzi chache tu chini ya sifuri, na betri yenye barafu haichajiwi mpaka iyeyuke na uthibitishe kwamba kasha halikupasuka.

Usitegemee miujiza. Betri zilizokaa miezi kwenye volti hizo, nyingi haziamki.

Mama, mimi ni mstaafu mwenzako. Nina trekta la zamani, chaja yake ni transfoma nzito yenye saa ya kuzungusha. Siku hizi inanguruma kuliko zamani na mshale wa ampea unafika nusu tu. Wanangu wananiambia niitupe.

Mzee mwenzangu, waambie wanao wasubiri. Matrekta ya umeme si ya jana; General Electric iliyaleta ya Elec-Trak sokoni mwaka 1969, ya volti 36 kwa betri sita za volti 6, na yapo yanayokata nyasi hadi leo. Chaja za aina hiyo zina vitu vichache: transfoma, dayodi (vipande vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu), saa, fyuzi. Nguvu nusu pamoja na mngurumo ni dalili ya dayodi moja kati ya mbili kukatika ndani. Transfoma inafanya kazi upande mmoja wa wimbi, na hiyo ndiyo sauti unayoisikia.

Chomoa chaja ukutani, tenga betri, fungua waya mmoja wa kila dayodi ili usidanganywe na transfoma. Mita kwenye alama ya dayodi: upande mmoja isome kati ya 0.4 na 0.7, ukigeuza ncha isisome kitu. Inayokataa pande zote mbili imekatika. Inayosoma karibu sifuri pande zote imepiga shoti, lakini hiyo ingekuwa imeshakata fyuzi zamani. Badilisha zote mbili kwa pamoja, za volti 200 au zaidi, na ampea angalau kama za awali. Chunga jambo moja: dayodi hizo za boliti hutengenezwa za aina mbili zinazofanana kwa umbo, moja chanya iko kwenye boliti, nyingine iko juu. Soma alama ya mshale iliyochorwa ubavuni kabla ya kukaza. Paka grisi ya kupitisha joto chini yake.

Saa ile nayo uielewe. Inahesabu masaa, haioni betri. Ukiizungusha mpaka mwisho kwa betri iliyotumika kidogo, utachemsha maji bure. Ukifika nyumbani na trekta halikuchoka, zungusha kidogo.

Nimebadilisha betri za asidi nikaweka za lithiamu za volti 48. Chaja ya zamani itafaa?

Hapana. Lithiamu fosfeti ya seli 16 inataka kikomo cha volti 58.4, na chaja ya asidi yenye hatua ya kusawazisha inaweza kupanda hadi 62. Bodi ya ulinzi ndani ya betri itakata, wewe utadhani betri ni mbovu, na utaniandikia tena. Tafuta chaja iliyoandikwa aina ya betri yako. Usichaji chini ya nyuzi sifuri.

Fundi, nataka trekta langu la volti 36 lichajiwe na paneli ya sola juu ya banda. Nimenunua kidhibiti cha sola kinachojitambulia chenyewe volti za betri. Kimewaka, lakini siku moja hakichaji kabisa, siku nyingine betri zinachemka.

Vidhibiti vingi vya kujitambulia vinajua 12, 24 na 48. Ya 36 haimo kwenye akili yao. Kinapowashwa kinaangalia volti na kukisia. Kikikisia 24, kinaona betri imepita kikomo na kinakaa kimya. Kikikisia 48, kinatafuta volti 58, ambazo kwa seli zako 18 ni 3.2 kila moja. Hapo ndipo zinapochemka. Kukisia kunategemea betri zilikuwa na chaji kiasi gani ulipokiwasha, ndiyo maana unaona tabia tofauti siku kwa siku.

Kama maelezo yake yanaruhusu kuweka 36 kwa mkono, iweke na uifunge hapo. Kama hayaruhusu, kirudishe dukani. Kidhibiti cha kushusha volti kinahitaji paneli zenye volti juu ya 44 hata zikiwa zimepata moto wa jua, kwa hiyo paneli moja ya seli 72 haitoshi, funga mbili kwa mfuatano, baada ya kuhakikisha kidhibiti kinahimili jumla ya volti zao bila mzigo. Unganisha betri kwanza, paneli baadaye; ukitenganisha, anza na paneli. Fyuzi ikae karibu na betri, si karibu na kidhibiti, kwa sababu waya inaoulinda ni ule uliopo katikati. Siku ya kwanza yenye jua kali, betri zikikaribia kujaa, pima volti kwenye vichwa vya betri zenyewe. Zikipita 45, funika paneli kwanza, barua uandike baadaye.